Tunaulizwa Pesa, Hatuulizwi Neno

Sisi watu wa Nyabiondo, hapa Masisi, Kivu Kaskazini, hatulalamiki ovyo. Mvua ikikata barabara ya Masisi-kati, tunashika majembe tunafanya salongo, kazi ya pamoja. Risasi zikilia, tunajitwisha godoro na sufuria, tunalala porini au kwa ndugu, na siku zikitulia tunarudi kupanda maharagwe palepale tulipoyaacha. Lakini kwa jino tumechoka. Si maumivu yenyewe, maana hata babu zetu waliumwa meno. Tumechoka na namna tunavyotendewa tukishakaa mbele ya mwenye koleo. Hatujui yeye ni nani, hatujui nani kamweka pale, hatujui bei, na tukitoka hatuna hata kikaratasi cha kuonyesha kwamba tuliingia.

Majina hatutaji. Tukitaja kabine moja ya meno, nyingine zitajiona zimesalimika, na habari ni ileile kwenye njia hii yote, tangu Sake mpaka ndani ya Walikale. Mwenye kabine akisoma atajijua.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndiko wanakoanza wao. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Sawa, uji hatuulizwi. Tunaulizwa pesa, tena kabla hatujafungua kinywa. Na bei haiko ukutani. Bei iko machoni mwa mganga, anayekuangalia kuanzia viatu kwenda juu. Motari wa pikipiki mwenye vumbi ana bei yake. Mwalimu ana bei yake, nusu leo na nusu mshahara ukifika, na mpaka ufike hata jino la jirani litakuwa limeoza. Mchuuzi wa madini anayepita kutoka Walikale ana bei yake, tena kwa dola. Mke wa mwenye bunduki hana bei, kwa kuwa hakuna mwenye ujasiri wa kumtajia. Mama wa sokoni, aliyeuza mihogo yake yote ili mtoto atolewe jino, akisema kwa heshima, "Papa Daktari, jirani yangu alilipa pungufu," anajibiwa, "Mama, jino la jirani yako lilikuwa jepesi." Tangu lini meno yakapimwa kwenye mizani?

Kisha kuna mambo yanayozaliwa njiani. Ulielewana bei ya kung'oa, lakini ganzi inahesabiwa peke yake, pamba peke yake, fishi ya mgonjwa peke yake. Ukifika kwenye vidonge vya kumeza nyumbani, unagundua vinauzwa na yule yule aliyekuandikia, kutoka kwenye mfuko wa koti lake. Ukiomba risiti, daftari limekwisha. Kila siku limekwisha. Daftari hilo hatujawahi kuona siku limeanza.

Na hapa ndipo uchungu unapozidi. Katika Masisi hii, watu wenye silaha wa kila upande wamewahi kututoza ile pesa ya "lala salama", na aliyelipa akapewa jetoni, ili akifika bariyeri ya mbele asilipishwe mara ya pili. Jetoni hiyo ina tarehe, ina muhuri. Mtu anayetunyang'anya porini anajua kuandika kwamba ametunyang'anya. Mtu aliyesomea afya, anayevaa koti jeupe, anashindwa.

Tukiacha pesa, tunauliza: mkubwa wa pale ni nani? Swali hili ni dogo, lakini halijawahi kupata jibu. Anayeng'oa anasema yeye ni wa kusaidia tu, mwenye kabine yuko Goma. Wa Goma, ukibahatika simu yake ishike, anasema kabine iko ndani ya uwanja wa kituo cha afya, uliza kituoni. Kituoni wanasema wao wamepangisha chumba tu, mambo ya meno hawayaingilii. Ukienda juu zaidi unaambiwa hiyo ni ya binafsi. Ukimrudia yule wa kwanza na kumwambia wote wamekukana, anacheka: "Si nilikuambia?" Jino lako limebaki na kipande cha mzizi ndani ya ufizi, shavu limejaa, na kila mlango unaogonga unakuonyesha mlango mwingine.

Wala si kwamba nchi haina mpango. Mpango upo, tena umeandikwa vizuri. Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519, na Kivu Kaskazini peke yake ina 34. Kila zoni inapaswa kuwa na daktari mkuu wake na hospitali yake kuu ya rufaa, na imegawanywa tena katika maeneo ya afya. Kila eneo lina kituo chake na muuguzi mkuu wake, yule tunayemwita titulere. Na kando ya titulere kuna kamati ya wananchi, CODESA, pamoja na wale reko wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Sheria ya afya ya umma ilitiwa sahihi tarehe 13 Desemba 2018. Karatasi tunazo. Ila mtu wa Nyabiondo akiumwa jino haponi kwa kifungu cha 47, anajiponya kwa kile cha 15, ambacho kila Mkongomani anakijua bila kusoma katiba: jitegemee mwenyewe.

Wazee wetu wanakumbuka jinsi kulipa kulivyoanza. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Bamako, nchini Mali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Serikali zilikuwa zimekauka, madawa yalikuwa hayafiki vijijini. Wakakubaliana hivi: wananchi watachangia gharama ya matibabu, na pesa hiyo itabaki kituoni kununua dawa nyingine. Kwa kuwa wananchi wanalipa, watakaa kwenye kamati, waone hesabu, waseme namna kituo kinavyoendeshwa. Yalikuwa mapatano ya pande mbili: mkono unatoa, mdomo unasema.

Leo upande wa kwanza wa mapatano unafanya kazi barabara. Tunalipa. Upande wa pili umeachwa Bamako. Na katika afya nzima hakuna mahali ambapo mapatano hayo yamevunjika kama kwenye meno. Kwa maana kuzaa, malaria, surua, utapiamlo wa watoto, kipindupindu, risasi, hivyo vina wafadhili. Médecins Sans Frontières wako kwenye hospitali kuu ya Masisi tangu 2007, na wangapi miongoni mwetu wangekuwa kaburini bila wao, tunajua na tunashukuru. Lakini msaada wa dharura unafuata kinachoua upesi. Jino haliui upesi, basi jino ni juu yako. Ndiyo kusema, mahali tunapolipa kwa mkono wetu wenyewe, faranga kwa faranga, pasipo mfadhili wa kutusaidia hata robo, ndipo mahali pasipo kamati, pasipo hesabu, pasipo wa kumuuliza. Angekuwa mfadhili ndiye analipa, angeletewa ripoti kila mwezi, yenye picha. Sisi tunaolipa tunaambiwa tufunge mlango taratibu tukitoka.

Wengine wanatuambia tunakuza mambo, jino ni jino tu. Hao hawajaona usaha ukishuka kutoka jino la chini ukavimbisha sakafu ya kinywa na shingo mpaka mtu akakosa pumzi. Hawajamwona mwanafunzi asiyesikia somo kwa sababu ya gego. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2022 likasema watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Afrika linasema kuna madaktari wa meno kama 3 kwa kila watu 100,000, sehemu ya kumi ya kiwango cha dunia. Sasa kama hao ndio wa Afrika nzima, pamoja na Nairobi na Kinshasa, jihesabieni wenyewe wangapi wanaweza kufika huku.

Kwa hiyo hatudai daktari wa chuo kikuu kwa kila kijiji. Hatuna ujinga huo. Muuguzi aliyefundishwa vizuri anaweza kung'oa jino vizuri, na wapo wanaofanya hivyo kwa mikono myepesi, Mungu awabariki. Tunachodai ni kujua kama huyu aliyesimama juu yetu alifundishwa au alijifunzia kwetu. Mafundi wa pikipiki pale barabarani wanafahamika: huyu alijifunza kwa fulani, miaka kadhaa, akaharibu mashine ya mtu, akalipa. Mng'oa meno hatujui alianzia wapi. Cheti hakiko ukutani. Ukutani kuna kalenda ya miaka iliyopita na picha ya mzungu anacheka na meno yote.

Na chombo je? Koleo lililotoka kinywani mwa mtu aliyetangulia linawekwa kwenye beseni, linamwagiwa maji ya vuguvugu, linapanguswa, linarudi. Tunaliona. Hatukusoma, lakini hatujapofuka. Tena hata kidogo tulichofundishwa kinatosha kutuogopesha: damu inabeba homa ya ini aina ya B, inabeba virusi vya UKIMWI, na maji ya kuchemka tu hayaui vijidudu vyote. Kinachotakiwa ni mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121, kwa dakika 15 au zaidi, na sufuria ya namna hiyo inakubali hata moto wa makaa. Haihitaji umeme wa bwawa la Inga. Inahitaji mtu mmoja aliyepewa kazi ya kuhakikisha, na mwingine wa kumuuliza kama amehakikisha. Hapo ndipo neno uongozi linapoanza kuwa na maana kwetu. Hatulioni kwenye kiti cha kuzunguka wala kwenye gari lenye bendera. Tunalitafuta kwenye beseni lile: nani anajibu likiwa chafu?

Msituambie haiwezekani. Tulishaona ikiwezekana. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao katika jimbo letu. Ilifika Goma, ikafika Pinga, kule Walikale. Ghafla kila mlango ukawa na ndoo ya klorini. Kila anayeingia akapimwa joto, akaandikwa jina. Kila kifaa kikawa na mtu wake. Namba za simu za malalamiko zikabandikwa ukutani na, ajabu, zikapokelewa. Pesa zilikuja, ni kweli, lakini nidhamu nayo ilikuja, na nidhamu haikuondoka kwa sababu ilikuwa ghali. Iliondoka kwa sababu hofu iliondoka. Ebola yetu ingeweza kupanda ndege ikafika kwao wafadhili. Jino letu bovu haliwezi.

Halafu kuna hili la kung'oa tu. Ukienda na tundu dogo, wanang'oa. Ukienda na jino linalosikia baridi, wanang'oa. Mtoto wa darasa la tatu analeta gego lake jipya la utu uzima, ambalo Mungu hatampa jingine, linang'olewa nalo. Ukiuliza kama haliwezi kuzibwa, unaambiwa kuziba kunataka mashine, na mashine inataka umeme. Kumbe katikati ya miaka ya 1980, hapo Tanzania jirani, Mholanzi Jo Frencken aliyekuwa kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam alianza namna ya kuziba kwa vyombo vya mkono peke yake: unakwangua sehemu iliyooza laini, unajaza sementi ya meno, mgonjwa anarudi nyumbani. Bila umeme, mara nyingi bila hata sindano. Mwaka 1994, Siku ya Afya Duniani ilipohusu kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi zote maskini. Ni kitu kilichobuniwa kwa ajili ya mahali kama Nyabiondo, na kimezunguka dunia nzima kabla ya kuvuka ziwa. Kwa nini hakifiki? Kwa sababu kung'oa kunaleta pesa leo na kunakwisha leo, na hakuna aliye juu ya mng'oaji wa kumuuliza mwisho wa mwezi: uling'oa mangapi, na mangapi yangeweza kupona?

Tena tunaulizwa kwa nini tuna hasira. Rubaya, hapahapa Masisi, inatoa koltani inayoingia ndani ya simu za dunia. Bisie, kule Walikale, inatoa bati. Na bati, waulizeni wenye elimu, ni mojawapo ya vitu vilivyochanganywa miaka yote na fedha na zebaki kutengeneza ile dawa nyeusi ya kuzibia meno. Yaani kuna watu wa mbali wanaotafunia nyama yao kwenye bati, na pengine bati hilo lilipita mbele ya milango yetu mgongoni mwa kijana wetu mwenye pengo.

Sasa tusikie udhuru wa wenye kabine na wakubwa wao, maana tunaujua kwa moyo. Udhuru ni vita. Mei 2021 jimbo liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi. Mwanzo wa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-kati, mwisho wa mwezi huo wakaingia Goma, benki zikafunga, na gavana wetu aliyewekwa na Kinshasa akawa anafanyia kazi Beni. Kwa hiyo ukipeleka barua ya malalamiko, unaulizwa kwanza unaipeleka kwa muhuri upi. Hili si dogo. Mganga aliyekatiwa mshahara ana watoto, dawa hazipiti, mkaguzi anaogopa njia. Tunaelewa kuliko wanavyodhani, maana sisi ndio tunaolala porini.

Lakini vita haijawahi kuzuia kodi. Soko linatozwa, mzigo unatozwa, chukudu ya mbao ya kubebea mizigo inatozwa, na anayetoza anajua hesabu yake mpaka faranga ya mwisho. Vita haiandiki bei tofauti kwa mama na kwa mchuuzi. Vita haimwambii mtu afiche jina lake. Uingereza wana chombo chao cha kukagua hospitali na kabine za meno, nacho kinauliza maswali matano: ni salama, inatibu kweli, ina utu, inasikiliza watu, inaongozwa vizuri? Na ripoti inatangazwa, kila mgonjwa aisome. Hatuna chombo kama hicho na hatukingojei. Lakini hayo maswali matano hayana hati miliki. Hata chifu wetu, Mwami, kwenye barza anaweza kuyauliza.

Na wajumbe wetu wa CODESA, nao tuwaambie ukweli, kwa kuwa ni watoto wetu. Tuliwachagua watusemee. Wakiitwa semina, tunawaona wameng'ara. Wakirudi, tunasikia habari za soda na posho. Habari za kabine ya meno hatusikii, eti si kazi yao. Kama kabine imo ndani ya eneo lao na inakula pesa ya watu wa eneo lao, ni kazi ya nani?

Haya basi, tunachotaka ni hiki, na kila mtu aangalie kama ni kikubwa. Bei iandikwe ukutani, kwa Kiswahili na kwa Kihunde, kwa herufi anazoweza kusoma mtoto wa shule ili amsomee bibi yake. Anayelipa apewe karatasi. Jina la anayetibu, na jina la anayemsimamia, yakae mlangoni pamoja na namba ya simu inayopokelewa. Kuwe na daftari la wagonjwa: nani alikuja, alifanyiwa nini, alirudi na uvimbe au hakurudi. Kuwe na daftari la vyombo: vimechemshwa kwa mvuke lini, na nani. Anayelalamika ajibiwe ndani ya siku zinazojulikana, asitafutiwe sababu siku atakaporudi na jino lingine. Na wawili miongoni mwetu, mmoja awe mwanamke kwa maana wanawake ndio wanaoleta watoto, wakae kila mwezi na mkubwa wa kabine, yeyote atakayekuwa, wafungue madaftari hayo mbele ya titulere.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ndege, mfadhili wala mkutano wa Kinshasa. Madaftari yanauzwa sokoni kwetu. Kama shida ni daftari, tutachanga. Kama ni kalamu, tutachanga. Hata makaa ya kuwashia moto wa mvuke tutaleta, kila nyumba kikapu kimoja. Na kama baada ya yote hayo bado kutakuwa na shida ya kuandika, basi shida haikuwa vita, wala umeme, wala barabara. Shida ilikuwa kwamba hesabu ikiandikwa, itasomwa.